Siku Tuliyompeleka Kornelis Ng'ambo

Siku nilipoingia nyumbani kwa mama mkwe wangu nikiwa bi harusi, kabla hata sijavua viatu, sauti ya mwanamke mzima iliniuliza kutoka jikoni, "Nani huyo?" Nikajitambulisha kwa adabu zote, kwamba mimi ni Lodia, mke wa Izak. Nikaulizwa tena, "Nani huyo?" Nikajitambulisha tena, safari hii nikataja na ukoo wa baba yangu na kijiji tulichotoka. Ndugu wa mume wangu waliokuwa wamekaa ukumbini walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Nilipoulizwa mara ya tatu ndipo Kornelis alipojitokeza, anatembea kwa miguu kama mzee anayekwenda kudai haki yake. Alikuwa kasuku mkubwa mweupe, weupe ulioingia uwaridi kwa mbali, na shungi lake limesimama wima. Akanisogelea, akang'oa kifungo cha kiatu changu kwa mdomo, akaenda kukitupa uani.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeolewa kwenye nyumba yenye mwenyewe.

Mama mkwe wangu aliitwa Antomina Tahapary, lakini Kudamati nzima, mtaa wetu wa mlimani juu ya bandari ya Ambon, walimwita Oma Mina, yaani Bibi Mina. Alikuwa anaoka mikate mikavu ya sago, unga utokao ndani ya shina la mti, na kuwauzia majirani. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mikono yenye makovu ya moto, na kwa watu hakuwa na maneno mengi. Maneno yake alimwekea Kornelis. Asubuhi angemwambia bei ya kuni imepanda, mvua haitaki kukatika, mchungaji jana alihubiri mpaka watu wakalala. Kornelis angesikiliza kichwa upande, kisha amjibu, "Basi, Mama," kwa sauti ya marehemu baba mkwe.

Huyo baba mkwe, Opa Yopi, yaani Babu Yopi, sikumkuta. Ujana wake aliumalizia ng'ambo, kisiwani Seram, akikata miti ya kampuni ya mbao. Siku moja walikata mti mkubwa ambao ndani yake mlikuwa na shimo, na shimoni mlikuwa na makinda mawili. Moja lilipondeka mti ulipoanguka. La pili akalitia kwenye kopo lake la chakula, halina hata unyoya, likilia kama msimamizi wao wa kazi, bwana mmoja aliyeitwa Kornelis ambaye hakujua kusema bila kupiga kelele. Ndiyo maana likapewa jina hilo. Opa Yopi alimsimulia mkewe pia kwamba wazazi wa makinda yale walizunguka juu ya vichwa vyao hadi jua lilipozama. Alilisema hilo mara moja tu, na Oma Mina hakulisahau.

Izak wakati huo alikuwa bado ananyonya. Oma Mina akalea wawili kwa pamoja, mmoja kwa ziwa, mwingine kwa sago aliyoitafuna yeye mwenyewe na kuitia mdomoni mwa ndege. Nasikia aliyeanza kusema ni Kornelis.

Sitaki mtu afikiri kwamba nyumba ile haikuwa na furaha. Kornelis aliiga sauti ya Oma Mina hata usingeweza kuzitofautisha, na Izak utotoni alioga mara mbili kila asubuhi, kwa sababu akishatoka bafuni tu, anasikia mama yake anaita, "Izak, kaoge!" Vijana wa kanisa walipofanya mazoezi ya filimbi za mianzi nyumba ya pili, Kornelis alicheza juu ya meza, akipiga kichwa chini na juu, mabawa wazi, akapiga kelele wimbo ukikatika. Aliweza kufungua kofuli lisilofungwa vizuri. Aliwavua wageni hereni. Jioni alipanda begani kwa Oma Mina, akampitishia mdomo kwenye nywele uzi kwa uzi, taratibu, mdomo ule ule uliokuwa unavunja ganda la kenari, kokwa ngumu za kwetu, ambalo sisi tulilivunja kwa jiwe. Hakuwahi kumjeruhi hata mara moja. Mimi alinijeruhi mara nyingi.

Ule mwaka wa machafuko ya dini, nyumba zilipochomwa na watu wakakimbilia kambini wamebeba vyeti, magodoro na sahani za harusi, Oma Mina alibeba kapu limefunikwa kitambaa cha kienyeji. Ndani ya kapu alikuwamo Kornelis, na katika safari nzima, katikati ya vilio vya watoto, hakutoa sauti. Sahani za harusi ziliungua pamoja na nyumba.

Mguu wa kushoto wa Kornelis ulikuwa na pete, na pete ilikuwa na mnyororo mwembamba ulioishia kwenye kitulio cha mti wa mpera uani. Mchana mnyororo ulifunguliwa, akazunguka atakavyo. Wageni wakiwa wengi au mlango ukiwa wazi, ulifungwa. Manyoya ya mabawa yalikatwa kila yalipoota. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa na ndege namna hiyo, na hakuna aliyeliona kuwa jambo.

Izak alipata kazi katika ofisi ya serikali inayolinda wanyama pori, akapangiwa bandarini. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kukaa na kusaini. Baadaye sheria ikaanza kushikwa kwelikweli, na kazi yake ikawa kupanda meli za abiria zinazokwenda Jawa na kupekua. Alipata ndege ndani ya mabomba ya plastiki, wamesukumwa kichwa mbele, midomo imefungwa uzi. Waliokuwa hai walipelekwa kutunzwa. Waliokufa aliwafukia yeye nyuma ya ghala, kwa sababu wenzake hawakutaka. Siku hizo akirudi nyumbani alikuwa anaoga muda mrefu sana, kisha anakwenda kukaa uani karibu na Kornelis, na Kornelis anashuka kitulioni na kuanza kumfungua vifungo vya shati.

Kwamba sheria hiyo hiyo ilimhusu na Kornelis, hatukulizungumza. Oma Mina alikihamisha kitulio kutoka pale uani hadi nyuma ya jiko, hapo ambapo mtu wa njiani haoni. Lakini sauti haina pa kuifichia.

Siku moja meli ya kwenda Surabaya, huko Jawa, ilikuwa gatini, na Izak alikuwa anapekua mizigo ya abiria. Akamfikia Wa Sina, mwanamke wa kisiwa cha Buton aliyekuwa anapanda mtaani kwetu na karai la samaki kichwani. Alikuwa anakwenda kukaa na binti yake. Chini ya nguo zake kapuni kulikuwa na kasuku mdogo mwekundu, hakufungwa mdomo wala miguu, amelala kwenye skafu. Hakuwa wa biashara, alikuwa wake, amemlea. Izak akamwambia kwa upole kwamba haruhusiwi kumsafirisha wala kukaa naye.

Wa Sina hakupiga kelele. Alimtoa ndege mwenyewe, akamgusa kichwani kwa midomo yake, akamkabidhi. Kisha akasema, "Bapa Izak, mimi sibishi. Sheria ni sheria. Ila nikipita Kudamati na samaki wangu, kuna nyumba naulizwa 'Nani huyo?' na mtu ambaye simwoni. Ile nyumba ni ya nani?"

Wenzake Izak waligeuka kuangalia bahari.

"Ni ya mama yangu," Izak akasema.

"Basi msalimie," Wa Sina akasema, akashika kapu lake tupu, akapanda ngazi za meli.

Izak alikwenda moja kwa moja kwa bosi wake kujishtaki. Bosi akamwambia aache, mama ni mzee, ndege ni mzee, hakuna aliyeleta malalamiko, mambo mengine yanamalizwa na umri. Mwingine angeshukuru. Mume wangu alirudi nyumbani chakula hakigusi, akashinda siku kadhaa hivyo, mpaka alasiri moja akamfuata mama yake jikoni. Oma Mina alikuwa amekaa kwenye kigoda anapasua kenari kwa jiwe, na Kornelis amesimama gotini mwake anapokea. Mimi nilikuwa kwenye jiko nageuza mikate.

"Mama, nina neno."

"Sema. Yenye kazi ni mikono, masikio hayana kazi."

Akamweleza yote, bandari, Wa Sina, maneno ya bosi. Oma Mina hakuacha kupasua.

"Bosi wako kasema uache."

"Ndiyo."

"Basi acha."

"Siwezi, Mama. Nikimpokonya mtu ndege wake sasa, namwangalia viatu. Uso siwezi kumwangalia."

"Kwa hiyo ni aibu yako. Umeniletea mimi niibebe."

Nikadhani mazungumzo yameishia hapo, nikageuza mkate ambao ulikuwa umeshaungua. Oma Mina akaweka jiwe chini.

"Unafikiri mimi sijui?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Baba yako alikata mti, lakini mimi ndiye niliyemfungulia mlango na lile kopo. Unakumbuka ule msimu Kornelis alipokuwa akipiga kelele alfajiri na magharibi, na kujing'oa manyoya ya kifuani mpaka ngozi inatoka damu? Nilimshonea kikoti. Mlicheka wote, nikacheka na mimi. Nilidhani ni ugonjwa. Sasa mwanamke mzima, aliyezaa, anashindwaje kujua kiumbe anapotafuta mwenzake? Nilijua. Nilimshonea kikoti kingine."

Kornelis alimvuta kidole, akitaka kenari. Akampa.

"Na ule mwaka baba yako alipokufa, nilimfungua mnyororo. Mabawa yalikuwa yameota, sikuyakata makusudi. Nikampeleka mwisho wa uani, pale mlima unapoteremka, nikamweka juu ya ukuta, nikamwambia nenda. Nikageuka nisimwone. Nikarudi jikoni. Unajua alifanya nini? Alishuka ukutani, akanifuata kwa miguu. Uwanja mzima, kwa miguu, ananiita. Majirani walisema, Oma, ona anavyokupenda. Nililia, wakadhani ni furaha."

Izak alikaa chini sakafuni, mwanamume mzima na sare yake ya kazi.

"Nilimpenda, na bado nampenda, hilo mtu asinifundishe," Oma Mina akaendelea. "Mimi nilipata mtoto wa kuzungumza naye. Yeye alipata jiko. Na hawa wanaishi sana. Mimi nikifa atabaki na nani? Mkeo anamchukia."

Nikasema kwamba simchukii.

"Usikatae, Lodia. Na yeye anakuchukia. Mko sawa." Akampangusa Kornelis makombo kifuani. "Nitampeleka mwenyewe. Sitaki lije gari la serikali hapa kumchukua kama mwizi."

Tulikwenda watatu, yeye, Izak na mimi. Kornelis alikuwa ndani ya kapu kubwa la henzirani, na Oma Mina alikataa mtu mwingine alishike. Kwenye kivuko cha kwenda Seram abiria walikusanyika, maana Kornelis alikuwa na furaha ya safari, akawauliza watu wote "Umekula?" na akamwita nahodha "Izak." Watu walicheka sana. Baadhi walimpa ndizi za kukaanga. Oma Mina aliwaacha watoe, akawashukuru mmoja mmoja. Nilimwangalia nikaona kwamba anajifanya mwenyeji wa sherehe.

Upande wa pili tulipanda gari la kuvuka milima kwenda pwani ya kaskazini. Mahali fulani msitu ulikatika, yakaja maeneo ya mashina meusi na vichaka, kilima baada ya kilima. Oma Mina akamuuliza Izak kama ni pale baba yake alipofanya kazi. Izak akasema hajui. Oma Mina akatazama nje mpaka msitu uliporudi.

Kituo chenyewe kilikuwa chini ya mlima, mabanda marefu ya nyavu yaliyojengwa yakazunguka miti iliyo hai. Aliyetupokea aliitwa Yaret, mtu wa huko huko milimani, mwenye miguu ya mkwezi. Zamani alikuwa anapanda juu ya miti kutega kasuku kwa tanzi za nailoni, yeye na baba yake na kaka zake. Hilo alitwambia mwenyewe kabla hatujauliza. Tuliketi kwenye benchi mbali na mabanda, Oma Mina na kapu magotini.

"Oma, nisikudanganye," Yaret akasema. "Huyu msituni harudi. Hamjui mwewe, hajui tunda lipi linaliwa. Akimwona mtu yeyote atatua begani mwake, na huyo mtu atamtia kwenye gunia. Atakaa hapa kwenye banda kubwa mpaka mwisho wake. Lakini atakaa na wenzake."

"Atawajua kwamba ni wenzake?"

"Wengine wanajua. Wengine inachukua muda mrefu."

"Na wengine?"

"Wengine wanakataa chakula."

Oma Mina akainamisha kichwa polepole kukubali, kama mtu anayeambiwa bei na kuona ni ya haki. Yaret akaeleza jambo moja zaidi. Ndani ya mabanda hakuna anayesema. Wahudumu wote wanafanya kazi kimya, kwa sababu ndege hawa wakisikia maneno ya watu wanaendelea kuwangoja watu. Aliomba tuage pale pale kwenye benchi, na tukivuka kile kizingiti tusiseme chochote.

Oma Mina alifungua kapu kidogo, akaingiza uso. Alichomwambia hatukukisikia, wala Izak hakuwahi kumuuliza.

Ndani, Yaret alimkata pete mguuni kwa koleo, akamweka kwenye tawi, akarudi nyuma. Juu kabisa, kwenye vilele vya miti ndani ya nyavu, walikuwapo kasuku weupe wengi, wakanyamaza wote kumtazama. Kornelis aliinua mguu uliokuwa na pete, akauangalia, akaushusha. Kisha akamtafuta Oma Mina kwa macho.

"Mama," akasema.

Oma Mina alikuwa amesimama karibu yangu. Hakujibu.

"Mama, umekula?" Akangoja. Kila siku ya maisha yake swali hilo lilipata jibu. Akajaribu jingine. "Izak, kaoge." Akajaribu sauti ya Opa Yopi, "Basi, Mama." Akajaribu kikohozi cha Oma Mina, na mlio wa mlango wetu, na wimbo wa filimbi hadi pale vijana walipokuwa wanakosea kila mara. Alikuwa anatoa kila alichokuwa nacho, kimoja kimoja, kuona ni kipi kitakachotufungua midomo. Mwisho akanigeukia mimi, ambaye hakuwahi kunisemesha kwa wema, akasema, "Nani huyo?"

Izak alitoka nje. Mtu aliyewatoa ndege mikononi mwa watu miaka yote ile, hakuweza kusimama. Nilitaka kumfuata, lakini Oma Mina alikuwa amenishika mkono, na alinishika kwa nguvu hata kucha zikaacha alama. Mkono wake wa pili ulikuwa mdomoni. Alisimama hivyo mpaka Kornelis alipochoka kuita, ndipo akageuka, tukatoka.

Wiki za kwanza habari zilikuwa mbaya. Yaret alipiga simu kusema Kornelis hali, anakaa chini kwenye kona karibu na mlango, manyoya ya kifuani ameyamaliza. Izak alitaka kwenda kumrudisha, akasema afukuzwe kazi ikibidi. Oma Mina akamkatalia. Alisema akirudishwa leo, kesho kutwa mama akifa atapelekwa tena, na mara ya pili hakuna atakayeelewa, si ndege wala mtu. Lakini yeye mwenyewe hakuwa anakula. Nilimpikia uji wa sago na samaki wa mchuzi wa manjano, akavuta kijiko kimoja, akasema chumvi iko sawa, akasukuma bakuli.

Kisha ikaja habari kwamba ameanza kula. Baadaye, kwamba amepanda tawi la kati. Baadaye sana, kwamba kuna jike mmoja mzee, bawa limevunjika, naye hawezi kuruka, sawa na Kornelis, na wanakaa tawi moja, mmoja anamchambua mwenzake shingo.

Kipindi hicho Wa Sina alirudi kutoka Surabaya, na Izak alikwenda kumtafuta sokoni. Kasuku wake mwekundu alikuwa amekufa akiwa bado anatunzwa mjini, kabla hata ya kupelekwa popote. Hakuna aliyemlazimisha Izak kupeleka habari hiyo. Wa Sina aliacha kupaa samaki, akamwuliza, "Alikuwa anakula papai lililoiva sana tu. Mlimpa papai?" Izak hakujua. Alirudi nyumbani na swali hilo. Tangu siku hiyo, akimchukua ndege wa mtu gatini, humketisha mwenye ndege kwenye benchi na kumwuliza anaitwaje, anakula nini, anaogopa nini. Wengine humtukana. Wengine husema mpaka meli ipige honi.

Siku Yaret alipopiga simu kusema kwamba Kornelis hasemi tena maneno ya watu, Oma Mina aliomba simu mwenyewe.

"Hata la Mama?" akauliza.

Nilisikia sauti ya Yaret ikitoka ndogo kwenye simu. "Hata hilo, Oma. Anapiga kelele kama wenzake."

Akamshukuru kwa adabu, akamuulizia hali ya watoto wake, akanirudishia simu. Kisha akaenda kulala, mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kesho yake aliamka mapema akawasha moto wa mikate.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Mara moja tu aliomba apelekwe tena ng'ambo. Hakutaka kuingia ndani, alisema hana haki ya kumchanganya. Alikaa kwenye lile benchi la mbali pamoja na mke wa Yaret, wakimenya mihogo, mpaka jua lilipoanza kushuka na kasuku wote bandani wakaanza kelele zao za jioni, na wengine huru wakawajibu kutoka msituni. Nilimwuliza kama ameitambua sauti ya Kornelis. Alisikiliza kidogo zaidi, akasema hapana, zote ni moja, na kwamba hilo ndilo lililomleta, kusikia kama zote ni moja. Akaendelea kumenya. Sijui kama alisema kweli.